Mita Tisa na Shubiri

Dirisha la maombi linafungwa Ijumaa.
Nimeandika jina, Somoe Nanguka, wa Newala,
namba ya mtihani, simu ya mama,
halafu kidole kimekwama
kati ya Uhandisi na Fizikia
kama nzi kwenye utomvu wa mkorosho.

Vyote viwili inawezekana, wameniambia,
ukiongeza mwaka.
Mkopo hauujui mwaka huo.
Mama anaujua: ni magunia saba
kwa bei ya mwaka jana,
"na mnada," anasema, "hauna mama."

Mjomba Chitanda, fundi wa pampu,
aliyenilipia ada tangu kidato cha kwanza,
hakuinua macho kutoka kwenye spana.
"Mshika mbili, Somoe."
Hakumalizia.
Methali ya namna hiyo humaliziwa na anayeonywa.

Mbele yake pampu ya mkono imefumuliwa,
ngozi za vali zimeliwa na mchanga.
Vali mbili: hii ikifumba ile hufumbua,
na maji hupanda
bila kumponyoka mtu.
Sikusema. Ada ni ada.

Nilipokuwa darasa la sita
nilimuuliza kwa nini pampu ya juu
haiyafikii maji ya shimo refu.
"Ndivyo zilivyo," akasema, akanipa bisibisi nishike.
Miaka ikapita, ndipo Mwalimu Mtipa
akaandika ubaoni, kwa chaki iliyokuwa ikiisha:
hakuna kuvuta.
Hewa ndiyo inayosukuma,
na nguvu zake zina mwisho.

Siku ile sikula.
Hakuna kuvuta!
Basi hiki ninachokiita wito,
kinachonivuta tangu utoto,
ni nani yuko nyuma yangu anasukuma?

Jumatano nikaazima mpira wa mjomba,
ule mgumu unaoonyesha ndani, mita kumi na mbili.
Tukaujaza maji, tukaziba kichwa,
tukaupandisha kwenye mnara wa tangi,
mguu wake ndani ya ndoo.
Nikaachia.
Maji yakashuka, yakasita,
yakasimama.

Mita tisa na shubiri.
Kitabu kinasema kumi na kitu,
lakini kitabu kilipimia pwani.
Huku juu hata hewa
hutusukuma kwa kubana matumizi.

Na pale, juu ya maji, chini ya kizibo,
pakabaki pahali pasipo maji
wala hewa.

Mjomba alitazama mpaka shingo ikamuuma.
"Humo sasa mna nini?"
Miaka thelathini ya pampu,
na hilo ndilo swali lake la kwanza kulisikia
lisilo na spea dukani.

Nami, niliyejiona mtu wa maswali,
nikajikuta nimeshika koleo:
"Tushushe, mjomba. Kizibo kinavuja."

Kilikuwa kinavuja kweli.

Sasa ni usiku wa Alhamisi, bando linakatika.
Chaguo la kwanza nimeweka Uhandisi.
Kwenye maelezo mengine,
mahali ambapo nadhani hapasomwi na mtu,
nimeandika: Fizikia pia.
Mwaka wa tano nitautafuta.

Chumba cha pili mama amelala,
au anahesabu magunia.