Mzizi

Saa tano za usiku, Plovdiv, theluji imegeuka tope,
na Radostina bado ameyakodolea macho madarasa matatu
aliyoyaacha Zhivko alipohamia Varna bila kuaga:
MalipoKadi, MalipoMlangoni, MalipoBenki.
Ndugu watatu wa kunakiliwa, kovu kwa kovu;
hata kosa la tahajia katika neno "risiti" wamegawana.

Duka ni la mbegu. Linauza mtandaoni
pilipili, vitunguu, nyanya za waridi.
Mwezi wa Januari Zhivko aliziba ufa kwenye kadi,
akauziba mlangoni,
simu ikalia, akaisahau benki.
Ndiyo maana mzee Penko wa Asenovgrad
ametozwa mara mbili kwa pakiti moja ya bamia,
naye ameandika barua pepe ya mstari mmoja:
"Binti, bustani yangu ni ileile moja."

Basi anafungua ukurasa mtupu.
Anaandika: darasa dhahania, Malipo.
Ndani yake anaweka yale yanayofanana:
kuhakiki kiasi, kuandika risiti
(kwa tahajia sahihi, hatimaye),
na kuuliza, kabla ya lolote, je, oda hii imeshalipiwa?
Swali hilo mara moja tu, mahali pamoja.
Kisha anafika penye kutoza
na hapo haandiki kitu.
Jina, mabano, nuktamkato. Kimya.
Kila mtoto atajua mwenyewe
mkono wake unaingia mfuko gani.

Yavor, mwanagenzi, wiki ya pili kazini,
koti bado mwilini, anajaribu
kuumba Malipo matupu, hivihivi,
na mashine inamkatalia kwa wekundu:
hili haliumbwi.
"Limeharibika," anasema.
"Halijaharibika. Umewahi kumwona mtu akipanda mmea?
Watu hupanda pilipili. Hupanda bamia.
Mmea haujawahi kuota popote."

Mimi, wa meza ya tatu, ninayesikiliza
huku nikijifanya nasubiri majaribio yaishe,
nacheka peke yangu kwa lugha wasiyoijua.
Kwetu jambo hili tumezaliwa nalo ulimini.
Mtu akiniambia -lip-, hajaniambia kitu:
hakuna aliyelipa, hakuna deni lililofutika.
Mpaka mtendaji asimame mbele na wakati umfuate,
analipa, tulilipa, hawatalipa,
ndipo herufi tatu hupata kifua cha kupumulia.
Lakini zing'oe hizo tatu
uone nani kati yao atabaki na maana.
Mzizi hausemwi. Husemea wengine.

Saa sita na robo, wote watatu wamerithi.
Mistari mia nne imebaki mia na ushee.
Radostina anarekebisha swali lile mahali pamoja
na nyumba nzima inalisikia.
Yavor anaongeza wa nne, MalipoVocha,
anasahau kujaza kutoza,
mashine inamkatalia tena,
na safari hii hasemi limeharibika.
Anasema tu "Aa,"
anavua koti.

Kuna jambo halikukaa sawa, sitalificha.
Fedha taslimu za mlangoni hazina akaunti ya kurudi,
kwa hiyo darasa lile limerithi kurejesha
na ndani yake limeandika: siwezi.
Radostina aliutazama mstari huo kwa muda mrefu
kama mtu apitishaye ulimi juu ya jino bovu.
"Kesho," akasema, akazima taa ya meza.

Mzee Penko alirudishiwa fedha zake Alhamisi.
Jibu lake lilikuwa fupi kuliko malalamiko:
"Zimefika. Bamia bado."