Shahidi wa Tatu

Mimi ndiye niliyetoboa.
Tuanzie hapo, mheshimiwa, kabla wakili hajanitungia sentensi.
Machi ya mwaka juzi, shamba la machungwa la Shekiondo,
Kwemdimu, hatua arobaini na mbili kutoka ukingo wa Mvungwe.
Nilizihesabu mwenyewe, kwa mguu huu wenye kovu.

Hakuna aliyeniuliza habari za mto.
Kibali chake kilisema "maji ya chini ya ardhi", kikagongwa mhuri.
Kibali cha mfereji kilisema "maji ya juu ya ardhi",
nacho kikagongwa mhuri,
ofisi ileile, wino uleule,
droo mbili.

Chama cha Mfereji kina karatasi yake tangu sabini na nne:
lita kumi na mbili kila sekunde, usiku na mchana.
Inakaa ndani ya kopo la biskuti la Bi Namkunda, mweka hazina.
Juzi aliileta hapa imefungwa kwenye kanga,
akaifungua taratibu, kama anayemfunua mtoto mgonjwa.
"Kumi na mbili," alisema. "Leo naambulia mbili.
Kumi zangu ziko wapi?"

Shekiondo akasimama:
"Mimi mto sijaugusa.
Nimechimba kwangu, chini ya michungwa niliyoipanda kwangu.
Kama mto wenu umekonda, iulizeni mvua."

Watu walicheka.
Mimi sikucheka,
kwa sababu mita ya kumi tulikuta udongo mwekundu,
ya ishirini jiwe, tukavunja meno mawili ya keekee,
na ya thelathini na moja, saa tisa alasiri,
bomba lilikohoa, likatema mchanga.
Mchanga wa kisima naujua, mheshimiwa, una kona, unakata vidole.
Huu ulikuwa wa mviringo, umesuguliwa,
mchanga uliokwisha kutembea.
Na ndani yake konokono mmoja, mweupe, mdogo kama punje ya mtama.
Nikamtia kwenye kiberiti.
Vijana wangu walikuwa wanashangilia maji.
Shekiondo akatuchinjia jogoo.
Nilikula paja.

Wakili anasema konokono huyo huenda ni wa kabla ya Nuhu.
Sawa. Sina cheti cha konokono.
Lakini Februari pampu iliungua, ikanyamaza siku sita,
na mama yangu (ana majaruba mawili ya mpunga mkiani mwa mfereji;
sikulitaja hilo nilipoapa, nalitaja sasa)
alinipigia simu kuniambia vyura wamerudi.
Hakuwa anamshtaki mtu. Alikuwa anafurahi tu,
akaiweka simu jarubani ili niwasikie.
Siku ya saba niliitwa kutengeneza pampu.
Nikaitengeneza. Nikalipwa laki na ishirini.
Siku ya tisa vyura walinyamaza,
nikamnunulia mama mchele.

Sasa unaniuliza: maji haya ni ya juu au ni ya chini?
Jibu moja, ndiyo au siyo.
Mheshimiwa, nimetoboa visima hamsini na tatu,
Maramba, Pongwe, hadi kule Mkinga kwenye chumvi.
Kote huko sijakutana na ukuta wenye maandishi
"mto umeishia hapa".
Shekiondo ana watoto saba na deni la benki.
Bi Namkunda ana wanachama themanini na kopo.
Wote wawili hunisalimu sokoni,
na wote wawili, tangu jana, hawanisalimu.

Kiberiti hiki hapa.
Karani anauliza kielelezo ni cha upande gani,
cha wadai au cha mdaiwa,
kwani fomu yake ina visanduku viwili tu.
Sijui, ndugu yangu.
Kitingishe kwanza,
utamsikia.