Saba Tatu

Picha ya dagaa wa Mwaloni,
mzani ukisoma kilo arobaini,
inabisha hodi tangu saa mbili.
Seva: huna ruhusa.

Ng'washi ananiinamia begani:
"Piga saba tatu, tukale."
Saba tatu ni mlango uliong'olewa bawaba;
mwizi naye ataitikiwa karibu.

Nasoma folda, mstari kwa mstari.
Mwenye nyumba bado ni Mabula,
aliyehamia Bukoba mwaka juzi
akaacha deni la soda na jina lake humu.

Nalifuta. Naandika la seva.
Saba kwa mwenyeji, tano kwa wageni:
waingie, waone, wasiguse.

Picha inapita.
Dagaa wanang'aa kiooni kama sindano,
na Mabula, huko aliko, hajui
kwamba amehama leo.