Daftari la Zamu

Ghorofa sita, lifti mbili, pampu moja yenye kikohozi,
na mimi, Misoji, mwenye funguo za chumba cha umeme
ambacho wengine hukipita wakidhani ni stoo ya mafagio.
Jengo hili nalijua kama mtoto wa kulea:
najua linapougua, najua linaposingizia.

Zamani lilikuwa na ulafi.
Saa moja jioni, mji mzima ukibonyeza swichi,
Mabatini, Igogo, Kirumba, pasi, jiko, taa, redio,
lenyewe bado limeachama,
viyoyozi vikipuliza viti vitupu,
pampu ikipandisha maji ambayo hakuna aliyeyaomba.
Na mahali fulani, mbali na macho yetu,
mtambo wa mafuta uliokuwa umelala
ukaamshwa kwa ajili yetu,
ukasafisha koo, ukatema moshi.

Kusubiri sikufundishwa chuoni.
Chuoni nilifundishwa kuhesabu ampea.
Kusubiri nimefundishwa Igombe, mchangani, na mama,
aliyeanika dagaa jua lilipotaka, si yeye alipotaka,
wingu likitanda akasuka mkeka.
Na baba mdogo Bulugu na wenzake wa karabai:
mwezi ukipevuka juu ya ziwa, taa zao hazina kazi,
dagaa hadanganyiki na karabai mbele ya mwezi.
Basi hulala. Hushona nyavu. Hawagombani na mbingu.
Giza likirudi, nao hurudi.

Nikaanza na pampu.
Nikaiambia: wewe utafanya kazi adhuhuri,
paneli za paani zikiwa zimefurika jua.
Tangi lishibe. Jioni unyamaze.
Kisha viyoyozi: baridi nitaitia asubuhi na mapema,
zege liinywe, kuta ziibebe,
kama mtungi unavyotunza ubaridi wa kisima hadi alasiri.
Kuanzia saa kumi, pumzikeni.

Bwana Kahangwa wa uhasibu akashuka toka ghorofa ya nne,
tai mkononi, jasho puani.
"Misoji, unatubanika?"
Nikamwonyesha kipimajoto: digrii mbili zimepanda. Mbili tu.
Nikapanda naye hadi dirishani kwake,
dirisha lisilofunguliwa tangu tuhamie,
komeo limegandishwa na rangi.
Nikalibandua kwa bisibisi.
Upepo wa ziwa ukaingia bila kupiga hodi,
ukapeperusha risiti za miezi mitatu.
Akazikimbilia. Asante sikuisikia.
Kesho yake nikakuta kazikandamiza kwa jiwe,
na dirisha li wazi.

Kuna siku nilishindwa, nisifiche.
Wageni wamekuja, mkurugenzi kapiga simu,
nikawasha vyote hadi usiku,
na nilipoondoka nilishuka kwa ngazi
nisije nikajiona kwenye kioo cha lifti.

Na si kila kitu husubiri.
Bugando kule kilimani, mashine inayompumulia mtu haisubiri.
Mtoto wa Mabatini mwenye mtihani kesho hasubiri.
Ndiyo maana sisi, wenye maji tangini na ubaridi ukutani,
tukae kando kidogo, wao wapite.

Saa moja na nusu, nipo juu ya paa.
Milimani taa zinachomoza moja moja kati ya majabali,
hata huwezi kusema ipi imetangulia.
Chini ya miguu yangu jengo limebana pumzi,
namba za mita zinatembea mwendo wa kinyonga.
Ziwa halina habari.
Natafuta angani kitu cha kumwonyesha mtu,
Kahangwa, mkurugenzi, yeyote,
sikioni.
Moshi ambao haukutoka hauna umbo,
hauna harufu, hauna wa kuushangilia.

Nafungua daftari la zamu,
naandika tarehe, naandika saa,
na mbele yake, bila haraka, kwa mwandiko wangu mzuri:
Hakuna kilichotokea.