Chenji

Nilianguka Mabatini, kwenye mawe ya mlimani,
ndoo kichwani, mvua ya jana bado mbichi chini ya ndala.
Kifundo cha mkono kikalia kama hindi linalovunjwa.

Wiki sita za plasta. Walipoikata, pale Bugando,
ukatoka mkono wa mtu mwingine,
mwembamba, una magamba kama sato wa juzi.
"Mfupa umeshaunga," daktari akasema. "Bado wewe."

Ng'wasi, yule wa mazoezi, hana maneno mengi:
"Geuza kiganja kama unapokea chenji."
Kikaishia njiani. Sarafu yoyote ingeteleza.
"Unauogopa mkono wako."
Nikakataa. Nilikuwa nauogopa.

Nyumbani nakamua kitambaa kwenye beseni,
nazungusha ufunguo kwenye kufuli lisilofunga kitu,
usiku naulaza juu ya mto wake peke yake, kama mgeni.

Ndipo akaja Mama Lugendo na vitambaa vya harusi,
sare kumi na moja. "Utaweza?"
Cherehani ina vumbi la miezi miwili.
Mdomo ukajibu kabla mkono haujaulizwa:
"Ijumaa."

Basi nikawa nimeukopea mkono wangu.
Nao, kama mdaiwa mwenye haya, ukaanza kulipa:
pindo moja, tundu la kifungo,
mkasi kwenye kitambaa kizito.
Uliuma. Nikauambia: uma, lakini shona.

Ijumaa ilipita. Nilimaliza Jumapili,
ziwa likianza kung'aa kule Kirumba.
Mama Lugendo akalipa, akaongeza sarafu tatu.
Nikageuza kiganja.
Mbili zikakaa.
Moja ikateleza, ikaviringika chini ya cherehani.
Nikainama, nikaiokota
kwa mkono uleule.