Wapangaji wa Baba

Kichupa cha mia moja na kumi na saba
kimefika Chongqing kwa basi la alfajiri,
kimevishwa soksi ya sufu, kimelazwa juu ya barafu,
na kwenye kibandiko mwandiko wa mama:
*Mavi ya Mou Daizhong. Usimwambie mtu.*

Baba alicheka kwenye simu hadi akakohoa.
Miaka kumi na sita ya ada, akasema,
nimeuza mizizi, nimeuza nguruwe wawili,
binti yangu asome, asome, asome,
aje kunichungulia huko.

Mzizi wenyewe anaulima juu, milimani Shizhu,
chini ya vichanja vya matawi ya misonobari,
maana hauvumilii jua. Miaka mitano ya kuungoja.
Ukiukata, ndani ni manjano kama kiini cha yai,
na uchungu wake hauna adabu:
unakaa nyuma ya ulimi hadi chakula cha usiku.
Kwetu husema, bubu akiutafuna
hana wa kumwambia.

Sukari ilipompanda, akachemsha alichopanda.
Kikombe asubuhi, kikombe jioni,
kipimo kikashuka: kumi na moja, tisa, saba na nusu.
Jirani yetu Ran akaeneza habari hadi sokoni.

Kisha jino.
Mwezi wa tatu shavu lilivimba kama andazi,
akapewa vidonge vya kuua vijidudu, siku kumi.
Jino likatulia. Sukari ikaparamia mlima upya.
Kikombe kile kile, mzizi ule ule, sufuria ile ile.
Mama akalaumu maji. Akalaumu kijicho cha Ran.
Baba akaongeza kikombe cha tatu, akaharisha.

Nami usiku ule sikulala, kwa sababu
dawa hii naijua: ni mgeni asiyejua kubisha hodi.
Unaimeza, utumbo unaitazama tu, inapita.
Kinachoingia damuni ni tone la wino mtoni.
Ila mle ndani kuna wapangaji,
wasiolipa kodi, wasiohesabika,
wanaolala wakilaliana kwenye giza la joto.
Wao ndio huipokea. Huivua koti lake la manjano,
huivisha kanga nyepesi, huipenyeza ukutani,
na ng'ambo ya ukuta inavaa koti lake tena
kana kwamba haikuwahi kuvuliwa.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Na mwenyeji akiwa hayupo?
Nyumba imepigwa dawa, vitanda vitupu,
mgeni kasimama barazani na furushi lake la uponyaji,
anaita, anaita, kisha anashika njia
anayoshika kila kitu tumboni.

Nina kichupa kingine, cha mwaka mpya,
baba alichonipa kwa mzaha kabla jino halijauma.
Nikavipima pamoja. Cha kwanza: msitu.
Cha pili: shamba siku ya pili baada ya moto,
visiki, majivu, magugu mawili matatu yenye kiburi.
Nilimpelekea Profesa Hu karatasi, mkono ukitetemeka.
Akasoma. Akavua miwani.
"Mtu mmoja si ushahidi," akasema. "Ni baba yako tu."

Basi nikampigia baba yangu tu.
Acha kikombe cha tatu. Meza kidonge cha kliniki, usikifiche.
Kula maharage, kula maganda, kula vinavyowashibisha wao.
Akanyamaza. Nikasikia kifuniko cha mtungi wa kachumbari
kikifunguliwa, mama akipiga chafya.
"Kwa hiyo," akasema, "maisha yangu yote nimelima dawa,
kumbe walioipika ni wengine."

Mwezi wa saba basi la alfajiri limeleta soksi nyingine.
Safari hii mwandiko ni wake, umepinda kama mzizi:
*Waangalie. Waulize kama wamerudi.
Kama bado, waambie chumba kipo.*