Bomba Halina Uhai

Baba, ulisema mshipa ni bomba.
Ulisema hivyo jikoni, Joensuu,
siagi nene kama kidole juu ya mkate wa rai,
nami, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, nikacheka.
Miaka arobaini umefunga mabomba ya nyumba za watu,
umekwangua chokaa, umekata vyuma vilivyoliwa na kutu;
moyo nao ungekuwa nini kwako
ila bafu jingine lenye maji hafifu?

Leo Jumanne. Mchana umekufa saa tisa.
Chini ya hadubini nimeweka kipande cha ateri,
chembamba kuliko ganda la kitunguu,
cha mtu nisiyemjua: mia tatu kumi na saba.
Nimekipaka rangi nyekundu, mafuta yajitaje yenyewe.

Tazama.
Seli hizi za ndani, safu moja tu, bapa kama vigae,
zilikaa bega kwa bega, damu ikizipitia usiku na mchana.
Pale njia inapogawanyika,
mkondo ukishikwa na kizunguzungu,
zikaanza kuachana.
Mafuta yakapenya bila hodi.
Zikaota vidole vya kunata, zikaita msaada.

Msaada ukaja: walafi wenye nia njema.
Wakala mafuta, wakala,
wakavimba, wakawa povu,
wakafia palepale walipoalikwa.

Na zile za katikati ya ukuta,
misuli iliyozaliwa kubana na kulegeza,
kazi moja maisha yote, kama wewe na spana yako,
ziliiacha kazi. Zikahama tabaka.
Zikajifunza ukubwani kusuka nyuzi,
zikalifunika shimo la mafuta kwa kofia nyeupe.
Baadhi, na hili ndilo linaloninyima usingizi,
zikaanza kula mafuta zenyewe
hata sizitofautishi tena na wageni.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.
Hapa ufa ulizibwa, Baba.
Ukazibwa, ukazibwa,
hadi kuziba kukawa ndio ukuta.

Kofia yako ilikuwa nyembamba.
Nadhani. Hakuna aliyeipima.
Theluji ilifika kitasani asubuhi ile;
ulitoka na beleshi, ukasema kahawa isipoe.
Mama alihesabu, sijui kwa nini alihesabu,
beleshi likikwaruza mara kumi na nne.

"Kutu tu," alisema Huttunen mazishini,
akinishika kiwiko, kwa upole, kama fundi kwa mtoto wa fundi.
Sikumjibu.
Kutu haijaribu kitu.
Kutu haijawahi kuacha ilichozaliwa kukifanya
ikakimbilia penye jeraha.

Nazima taa ya hadubini.
Bomba la joto la maabara linagonga tena,
mara mbili, kimya, mara moja.
Wiki nzima wanalitafuta tatizo.
Wewe ungeweka kiganja ukutani
ukajua ni kiungo gani.